Zege, Mtaimbo na Fremu: Vyuma vya Mazoezi Nyumbani Mchinga

Vyuma vya mazoezi ya nyumbani vina sehemu tatu: uzito unaonyanyuliwa, mtaimbo unaoubeba, na fremu inayoupokea mikono inapochoka. Mchinga, kaskazini mwa mji wa Lindi, kila sehemu huchaguliwa kwa kuangalia mambo mawili: mzigo utakaobebwa na chumvi ya Bahari ya Hindi. Upepo wa baharini huacha chumvi juu ya chuma. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewani, na kutu huanza hata kiangazi.

Uzito ndio sehemu rahisi kutengeneza. Katika vijiwe vingi vya mazoezi nchini, vijana humimina zege kwenye makopo ya rangi au hutumia gia za magari chakavu. Lita 1 ya zege ina takriban kilo 2.4, hivyo kopo la lita 4 likijaa hukaribia kilo 10, na ndoo ya lita 10 hufikia kilo 24. Diski ya zege yenye kipenyo cha sentimita 30 na unene wa sentimita 6 ina kama kilo 10. Ya chuma yenye kipenyo na uzito huohuo haifiki unene wa sentimita 2. Kwa hiyo zege hujaza ncha za mtaimbo upesi: ncha ya sentimita 40 hupokea diski sita, yaani kilo 60 kila upande. Kwa wengi hizo zinatosha kwa muda mrefu.

Zege la pwani huharibikia kwenye mchanganyiko. Mchanga wa ufukweni na maji ya bahari hupatikana bure, lakini chumvi yake hula chuma kilichozikwa ndani. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, basi zege husukumwa kutoka ndani hadi likapasuka. Ndiyo maana hutumika mchanga wa mtoni na maji baridi, kwa kipimo 1 cha saruji, 2 vya mchanga na 3 vya kokoto ndogo. Zege humwagiliwa maji kwa siku 7 na huachwa likomae hadi siku ya 28. Kisha kila diski hupimwa kwenye mzani na kuandikwa uzito wake kwa rangi, kwani pande zikitofautiana, bega moja hubeba zaidi ya jingine.

Mtaimbo wa mashindano ya wanaume una kilo 20, urefu wa mita 2.2 na unene wa milimita 28 mahali pa kushika. Wa wanawake una kilo 15 na milimita 25. Chuma kigumu cha duara cha milimita 25, chenye urefu wa mita 2, kina karibu kilo 7.7 na unene sawa na wa mtaimbo wa wanawake. Bomba la maji la robo tatu inchi hujaa mkononi vilevile, lakini ndani ni tupu: likizidiwa na mzigo hupinda na halirudi. Linafaa kwa uzito mdogo tu.

Fremu ya nguzo nne hutengenezwa na fundi wa kuchomelea. Skwea paipu ya milimita 60 au 75, yenye unene wa milimita 3, hubaki imara hata baada ya kutobolewa matundu ya kupandishia na kushushia vyuma vya usalama. Upana wake usizidi sentimita 120, ili diski zibaki nje ya nguzo. Kwa anayesukuma mzigo akiwa amelala kwenye benchi, vyuma vya usalama huwekwa chini kidogo ya kifua kilichojaa pumzi, lakini juu ya koo. Miisho ya paipu huzibwa kwa kuchomelewa ili hewa ya chumvi isiingie ndani, na fremu nzima hupakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu. Juu ya ardhi ya mchanga, nguzo hufungwa kwa bolti kwenye sakafu ya zege, la sivyo moja huzama na fremu huegemea.

Kwa mwenye fedha kidogo, mgawanyo sahihi ni zege kwa uzito, chuma kigumu kwa mtaimbo, na sehemu kubwa ya fedha kwa fremu. Uzito pungufu huchelewesha tu maendeleo. Fremu dhaifu huvunja mtu.