Bambo Halichomi Nchi

Machi 5, 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya, AFA, iliwaandikia watu wa forodha: mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie, sumukuvu imezidi. Uamuzi mbovu. Kemia ilifanya kazi yake. Aliyeharibu ni aliyechukua majibu ya maabara akayagongea muhuri wa uraia.

Mnajua mchezo wenyewe. Aflatoksini, sumukuvu ninayoizungumzia, ikipigwa na urujuanimno wa nanomita 365 hupokea nishati na kuirudisha papo hapo kama nuru, B1 bluu, G1 kijani. Hiyo ni fluoresensi, na nitazidi kugombana na wanaoiita fosforesensi, ambayo nishati yake hukwama kwenye hali ya tripleti na kuchelewa kutoka, tena oksijeni ikiigusa inazimika. Wenye vitochi vya zambarau nao wanikome: mng'ao wa kijani-njano kwenye punje hutokana na asidi ya kojiki, si sumu yenyewe. Maabara makini, zikiona maji yanaififisha B1, huongeza iodini au bromini ing'ae. Safi.

Sasa rudini kwenye barua. Kikomo cha aflatoksini ni sehemu 10 kwa bilioni, yaani miligramu 1 katika gunia la kilo 100. Tena sumu haienei sawasawa. Punje chache zinaweza kuibeba karibu yote. Kwa hiyo jibu ni la mzigo uliochomwa bambo, basi. Kwa hesabu gani linavuka mpaka wa Namanga na kuja kuhukumu Ufipa?

Kuvu anayetoa sumu hii anapenda joto na ukame. Huku juu Ufipa, kwenye mita kama 1,800, mahindi hukomaa kwenye baridi. Teremka bonde la Ziwa Rukwa, mkoa uleule, unavua koti. Barua haikutenganisha hata hayo. Sisemi mahindi yetu ni malaika: yapukuchue mabichi, uyafungie guniani, utaona.

Uingereza mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa sumu hiihii. Wataalamu wa enzi ile walifuata chakula cha ndege hadi kwenye mashudu ya karanga kutoka Brazili, wakayachuja na kuyatenganisha kwa kromatografia mpaka bluu ile ikajitokeza chini ya taa. Hao ndio wachambuzi.

Machi 10 marufuku ikaondolewa kwa masharti, mojawapo kila mzigo uje na cheti kinachoonesha uko chini ya 10. Sharti hilo lilipaswa kuwa ndiyo barua ya Machi 5.