Bwana Msa na ufundi wa kumficha muuaji

Hadithi nyingi za upelelezi tunazosoma kwenye simu, tukisubiri gari pale stendi ya Magufuli hapa Mbezi Luis, huanza na maiti, kisha moja kwa moja bunduki. Muhammed Said Abdulla hakuwa na haraka hiyo. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda shindano la East African Literature Bureau la 1957-58 na kuchapishwa 1960, mwili unakutwa mzimuni.

Ufundi wenyewe uko hapo. Waandishi wa Kiingereza walizoea kumpoteza msomaji kwa mshukiwa wa bandia: mtumishi, au mrithi mwenye madeni. Abdulla aliichukua imani ambayo msomaji ameingia nayo kitabuni, akaiachia kazi ya kumficha muuaji. Anayeogopa mzimu haulizi nani alipita njia ile usiku. Bwana Msa, mpelelezi wa Abdulla, kiko mdomoni, anauliza. Kisima cha Giningi (1968) kinaanza mtego huo kwenye jina lenyewe, maana Unguja ukitaja Giningi umetaja wachawi.

Aliupata wapi ustadi huu? Alizaliwa Makunduchi, Unguja, 1918, akamaliza shule 1938 na kuajiriwa mkaguzi wa afya. Miaka 10 baadaye akaingia kwenye magazeti, akahariri Zanzibari, akawa mhariri msaidizi wa Al-Falaq na Afrika Kwetu. Kuanzia 1958 hadi alipostaafu 1968 alikuwa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo. Wachambuzi humtaja Sherlock Holmes, na kweli kiko kile kimetoka huko. Mimi naiona zaidi meza ya Mkulima. Mkulima anayeamini shamba lake limerogwa hasaidiki kwa kuchekwa. Mwonyeshe mdudu, mgeuzie jani aone mayai upande wa chini, mwambie lini alitaga. Bwana Msa humfungulia rafiki yake Najum kesi kwa mwendo huohuo, alama moja baada ya nyingine, na ingawa maelezo hayo wakati mwingine yanarefuka mno, msomaji habaki na deni la swali.

Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, 1974, ilituletea mbio na silaha za mpelelezi Willy Gamba, na wengi wakafuata njia hiyo. Lakini njia ya Abdulla bado iko wazi: mwandishi kijana wa Mbezi anayo stendi yenye abiria wa kila mkoa, mawakala wa tiketi na mizigo isiyojulikana mwenyewe. Kabla hajamchagua muuaji, atafute kwanza jambo ambalo stendi nzima italiamini bila kuuliza.