Uhakiki wa Dhana ya Ucheleweshaji katika Modeli za Mabadiliko ya Rai

Sehemu hii inahakiki dai kwamba kuchelewa kwa mwingiliano hukawiza tu mwafaka katika modeli za fizikia takwimu. Msingi wa mjadala ni modeli ya mpiga kura, iliyojengwa na Clifford na Sudbury (1973) pamoja na Holley na Liggett (1975). Katika modeli hiyo, mtu huteuliwa kwa nasibu akaiga rai ya jirani yake, na aliyebadilika anaweza kubadilika tena papo hapo.

Lambiotte, Saramäki na Blondel (2009) waliliondoa sharti hilo la mwisho: aliyebadili rai husubiri kwanza kabla ya kuweza kubadilika tena, ingawa wengine huendelea kumwiga. Matokeo yake ni kwamba kundi huvutwa kuelekea mgawanyo wa nusu kwa nusu. Hesabu ndogo inabainisha sababu. Tuchukue watu 100, ambapo 60 wana rai A na 40 wana rai B. Pasipo kusubiri, kasi ya kuhama kila upande ni 60 × 40 ÷ 100, yaani 24. Wakiwapo wanaosubiri 10 kila upande, kasi ya kutoka A ni 50 × 40 ÷ 100, yaani 20, na ya kutoka B ni 30 × 60 ÷ 100, yaani 18. Hivyo walio wachache ndio wanaonufaika.

Stark, Tessone na Schweitzer (2008) wanaonesha kinyume chake. Kwao, ukaidi wa mtu hukua kadiri anavyodumu na rai yake. Ukaidi huo ukiwa wa kiasi, mwafaka hufikiwa mapema zaidi. Ucheleweshaji wa kwanza humlinda aliyehama, ilhali wa pili humwimarisha asiyehama. Kuziita hali hizi mbili kwa jina moja ni kuficha tofauti iliyo kiini cha matokeo.

Aidha, usawa wa nusu kwa nusu unategemea dhana kwamba muda wa kusubiri ni ule ule kwa rai zote mbili. Kwa hesabu iyo hiyo, iwapo rai A humfunga mtu mara mbili ya muda wa rai B, mizani hutulia A ikiwa na theluthi mbili. Kwa hiyo, usawa huo hautokani na ucheleweshaji wenyewe, bali na ulinganifu aliouweka mtafiti. Mtafiti anayeihusisha modeli hii na uchaguzi halisi hana budi kubainisha kwanza nani anachelewa, baada ya tukio gani, na kwa muda gani.