Syrah ya nyanda za kati: mkasi badala ya baridi

Syrah ni zabibu ya bonde la mto Rhône, Ufaransa, nchi ambako mzabibu hulala miezi ya baridi na kuvunwa mara moja tu kwa mwaka. Kwenye pwani ya California, mkondo baridi wa Pasifiki huleta ukungu unaochelewesha kuiva, na mvinyo hubaki na ukali wake pamoja na harufu ya pilipili manga. Harufu hiyo hutokana na rotundoni, kemikali iliyomo kwenye ganda la zabibu.

Dodoma, nyuzi 6 kusini mwa ikweta, haina bahari wala baridi ya kuulaza mzabibu. Hata hivyo, wamisionari walipanda zabibu Bihawana miaka ya 1950, na leo Syrah inakua mkoani humo kando ya aina ya Makutupora, iliyoenea zaidi. Majirani wa Singida wana sababu nzuri ya kuchunguza jinsi ilivyowezekana.

Sababu ya kwanza ya mafanikio ya Dodoma ni mwinuko. Mji wa Dodoma uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa wastani kila mita 100 hupunguza joto kwa nyuzi 0.6 hivi. Usiku wa Juni na Julai hushuka hadi karibu nyuzi 14. Baridi hiyo huzuia tunda kuitumia asidi yake haraka.

Sababu ya pili ni mkasi. Mkulima hupogoa baada ya kuvuna, macho yaliyobaki huchipua pamoja, na baada ya miezi minne hadi mitano vichala huwa tayari. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili: kuelekea mwisho wa mvua, na tena Agosti na Septemba.

Mavuno hayo mawili hayana thamani sawa. Zabibu zinazoiva wakati wa mvua hunywa maji, sukari hupungua, na ubwiri hushambulia majani na vichala. Zile za kiangazi huiva kwenye jua kavu na usiku wa baridi. Kwa Syrah inayotengenezwa kwa kiasi kidogo, nguvu zote ziwekwe kwenye mavuno ya kiangazi, na vichala vya wakati wa mvua viondolewe mapema, ili mizizi iweke akiba ya chakula.

Kiwandani, takriban gramu 17 za sukari kwa lita huzaa asilimia 1 ya kileo. Uchachushaji wenyewe huzalisha joto. Likikaribia nyuzi 35, chachu hudhoofika na kazi inaweza kukwama. Zabibu zivunwe alfajiri, tangi lipozwe, na maganda yanayoelea yazamishwe kila siku ili yatoe rangi na harufu. Mchuzi wa zabibu wa Syrah ukimiminwa tangi moja na wa aina nyingine, jitihada yote ya shambani imepotea.

Mji wa Singida uko karibu mita 1,500, hivyo kwa hesabu ileile una ubaridi wa zaidi ya nyuzi 2 kuliko Dodoma. Una msimu mmoja wa mvua, udongo wa kichanga usiotuamisha maji, na upepo mwingi unaokausha majani na kupunguza ubwiri. Upepo huohuo huvunja machipukizi, kwa hiyo shamba linahitaji miti ya kukinga. Maji nayo yapimwe kabla ya kutandaza mipira ya matone: Ziwa Singidani lina chumvi, na mzabibu hauivumilii chumvi nyingi.

Naamini Singida inaweza kutoa Syrah yenye sifa zake. Njia sahihi ni kuanza na nusu ekari, kuandika tarehe ya kila upogoaji, kupima sukari na joto la usiku, na kutafuta mavuno mamoja mazuri kabla ya kutamani mawili.