Sentensi Tatu Chini ya Ukurasa

Mwaka 1962 Osamu Shimomura, Frank Johnson na Yo Saiga walichapisha makala kuhusu ekworini, protini inayotoa mwanga wa buluu katika mwili wa yavuyavu aitwaye Aequorea. Ndani ya makala hiyo mna tanbihi ya sentensi tatu, na katika tanbihi hiyo ndimo ilimotajwa kwa mara ya kwanza protini ya kijani ambayo wanabiolojia wa leo huifupisha kwa herufi GFP. Wanaosimulia historia yake huishangaa tanbihi kwa udogo wake tu. Mimi naona imeandikwa kwa ustadi unaostahili kusomwa neno kwa neno, na kwamba umbo lake linaonyesha kwa nini protini ile ilikaa pembeni miaka mingi.

Sentensi ya kwanza inachelewesha kitenzi chake. Inaitaja protini, kisha inatupitisha katika nuru tatu: juani, mmumunyo wake una ukijani hafifu, chini ya taa ya umeme una umanjano tu, chini ya taa ya urujuanimno unang'aa kijani kikali mno. Baada ya hapo ndipo tunapoambiwa kwamba protini hiyo nayo imetengwa kutoka katika maji yaliyokamuliwa kwenye yavuyavu. Mwandishi angeweza kuanza na tendo la kutenga, kama ripoti za maabara zifanyavyo mara nyingi. Hapa jicho limetangulizwa mbele ya mkono. Hakuna uzito, hakuna kipimo, kuna rangi tupu. Na mfuatano wa rangi hizo ni hoja kamili isiyojitangaza: kitu kilekile kinabadilika kadiri nuru inayokiangukia inavyobadilika. Msomaji amekwisha kuelewa tabia ya protini hii kabla hajapewa jina la tabia hiyo.

Neno zito zaidi katika sentensi hiyo ni lile dogo lenye maana ya "pia". Linaiweka protini ya kijani nyuma ya nyingine, na sentensi ya pili inatoa sababu: haikuonekana dalili yoyote kwamba kitu hiki hujiwakia chenyewe. Kwa makala ile, huo ndio mzani. Kiangazi cha 1961, huko Friday Harbor katika jimbo la Washington, walikuwa wamevua yavuyavu wapatao 10,000 ili wapate protini inayotoa mwanga kwa mmenyuko wake wenyewe. Ekworini hufanya hivyo inapokutana na kalsiamu. Ndiyo maana baadaye ikawa chombo cha kupimia kalsiamu ndani ya chembe hai. Protini isiyowaka mpaka imulikwe haikuwa na nafasi katika hoja hiyo. Sentensi ya pili, basi, ni kanusho, na kanusho hilo ndilo lililoishusha chini ya ukurasa.

Ya tatu ni ahadi: uchunguzi wa rangi za mwanga wa protini zote mbili unaendelea. Ahadi ilitimizwa mwaka uleule, lakini tazama ilipotimizwa. Ni katika makala inayohusu mwanga wa Cypridina, mnyama mdogo wa baharini mwenye gamba, ambayo kichwa chake kinaongeza kwamba mna pia dokezo kuhusu Aequorea. Kwa mara ya pili protini ya kijani inaingia kupitia mlango wa nyuma. Na dokezo hilo ndilo lililobeba ufunguo: mwanga wa ekworini una kilele chake karibu na nanomita 460, ambayo ni buluu, ilhali ule wa protini ya kijani unafika 508, sawasawa na mwanga wa yavuyavu aliye hai. Maana yake ni kwamba ndani ya mnyama ekworini huitoa nishati, na jirani yake huipokea na kuigeuza kuwa kijani.

Ukisoma makala ya Martin Chalfie na wenzake katika jarida la Science, Februari 1994, utaliona kanusho la 1962 likigeuzwa kuwa sifa. Hoja yao nzima ni kwamba protini hii haihitaji kingine chochote kutoka kwa yavuyavu. Ipandikize jeni yake katika bakteria au katika mnyoo, imulike, nayo itang'aa. Makala ina kurasa nne tu, na ushahidi wake mkuu ni picha: neva za mnyoo aliye hai zikionekana kijani, bila kumuua, bila kumkata, bila kumtia rangi. Picha ya namna hiyo ndiyo iliyowekwa kwenye jalada la toleo lile. Kilichokuwa chini ya ukurasa kimepanda hadi mbele ya jarida. Naipenda makala hii kwa ufupi wake. Inaonyesha, kisha inanyamaza.

Kuna sehemu moja zaidi ya umbo ambayo wasomaji huiruka, nayo ni orodha ya waandishi. Jina la mwisho ni Douglas Prasher. Ndiye aliyeinakili jeni ya protini ya kijani na kuichapisha mwaka 1992, kisha, fedha za utafiti zilipomwishia, akaipeleka jeni hiyo kwa Chalfie na Roger Tsien. Orodha ya makala ilikuwa na nafasi kwa ajili yake. Orodha ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2008, ambayo kwa kanuni haizidi watu watatu, iliwataja Shimomura, Chalfie na Tsien. Wakati huo Prasher alikuwa akiendesha gari la kusafirisha wateja wa duka la magari huko Huntsville, Alabama. Chalfie na Tsien walimlipia nauli, yeye na mkewe, wahudhurie sherehe Stockholm.