Mfuata Mvua: Mtoto Mgeni katika Chozi la Heri

Kuanzia mwaka 2018 hadi 2022 riwaya ya Chozi la Heri, iliyotungwa na Assumpta Matei na kuchapishwa mwaka 2014, ilitahiniwa katika shule za sekondari za Kenya. Hapa Lurambi, kama kwingineko, ilisomwa kalamu mkononi, na maudhui yake yakaorodheshwa daftarini: ukabila, ardhi, ukatili. Sasa kitabu hicho kimepumzishwa, na chaweza kusomwa kwa utulivu. Nakirudia kwa ajili ya kurasa chache ambazo wengi walizipita mbio.

Kurasa hizo zahusu utoto wa Ridhaa. Baba yake, Mwimo Msubili, alikuwa na wake wengi kuliko ardhi yake, akawahamishia baadhi yao Msitu wa Heri pamoja na watoto. Siku ya kwanza shuleni Ridhaa alitengwa mchezoni, na mtoto mmoja akamwita "mfuata mvua". Alikimbia nyumbani akilia.

Neno hilo lataka kutazamwa. Kwa umbo lake si tusi. Afuataye mvua hana kosa lolote, anatafuta riziki tu. Lakini ndani yake mna hukumu: mvua ikikatika, huyu atakwenda zake. Mtoto ambaye hakuulizwa habari ya safari aambiwa kwamba hapa si kwake na hapatakuwa kwake. Yumkini msomaji atasema kwamba Ridhaa hakuvuka mpaka wa dola yoyote. Kweli, lakini nchi ya mtoto haipimwi kwa ramani. Nchi yake ni uwanja wa michezo na lugha inayosemwa pale.

Watu wa pande zetu wanayafahamu mambo haya. Kutoka Maragoli, ambako mashamba ni finyu mno, jamaa nyingi zilihamia Kigumba nchini Uganda tangu kabla ya Uhuru. Nyingine zilikwenda Lugari ardhi ilipogawanywa katika miaka ya 1960. Na hapa Butsotso kwenyewe, kwa kuwa mji wa Kakamega u karibu, wafanyakazi na wafanya biashara huja na watoto wao kila mwaka. Hawa hujifunza kwanza Kitsotso cha uwanjani, tena hujifunza kwa kuchekwa. Hesabu za darasani huja baadaye.

Mwandishi anamtibuje mtoto wake? Mama anamliwaza, kisha anakwenda kuzungumza na mwalimu. Mwalimu anawahutubia wanafunzi juu ya kuishi pamoja. Basi, jeraha limepona. Ridhaa anashika masomo, anapanda ngazi mpaka anakuwa daktari. Hapa sikubaliani na mwandishi. Aliyewahi kuwa mgeni darasani anajua kwamba hotuba ya mwalimu hukomea kengele inapolia. Tena mzigo wote umewekwa kichwani mwa mgeni: sharti awe hodari ndipo avumiliwe. Je, angekuwa mtoto wa kawaida, mwenye alama za kawaida, angepata rafiki? Kitabu hakisemi.

Hata hivyo, tusimhukumu mwandishi kwa ukurasa mmoja. Miaka mingi baadaye, baada ya uchaguzi, nyumba ya Ridhaa inachomwa moto pamoja na jamaa zake, na aliye mbele ya wachomaji ni Mzee Kedi, jirani yake. Msomaji hushtuka, halafu hurudi nyuma mwenyewe mpaka uwanja ule wa shule. Lile neno halikufa. Lilikuwa limenyamaza tu. Tuna methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ridhaa alipewa jembe, akalima, akajenga, akatibu wagonjwa. Ilipofika zamu ya kugombea shamba, akawa mgeni wa siku ya kwanza tena.

Dawa iliyo bora imo katika kitabu hicho hicho, ingawa mbali na hapo. Umulkheri, msichana aliyefiwa na baba na kutenganishwa na ndugu zake, anafika Shule ya Tangamano.  Wasichana wenzake, Kairu, Zohali, Mwanaheri na Chandachema, wanasimuliana kila mmoja yaliyompata, na Umu anaona kwamba kilio chake si cha peke yake. Sehemu hiyo ni ndefu, na pengine masimulizi yamerundikana kupita kiasi. Lakini ina ukweli ambao hotuba ya mwalimu wa Ridhaa haina. Pale watoto wenyewe ndio wanaosema.

Nina dai moja lililobaki. Yule mtoto mchokozi wa Msitu wa Heri anasema neno lake, kisha anatoweka kitabuni. Alikua, bila shaka. Akaoa, akawa na kura yake na panga lake la shamba. Ningependa mwandishi atuambie alikuwa wapi usiku ule wa moto.