Nusu Saa na Mbwa: Jinsi Upweke wa Wazee Ulivyopimwa

Mbwa mpole akiingia chumbani, mzee aliyeshinda kimya hunyoosha mkono na kutabasamu. Hilo si jambo geni Marekani. Mwaka 1976 muuguzi Elaine Smith alianzisha shirika la Therapy Dogs International huko New Jersey, baada ya kuona Uingereza jinsi wagonjwa walivyochangamka mbwa wa kasisi alipopita wodini. Lakini tabasamu hupita upesi. Je, upweke wenyewe, ule unaomkalia mtu kutwa nzima katika nyumba ya kutunzia wazee, nao hupungua? Na ukipungua, sifa ni ya mbwa au ya mtu aliyeshika kamba?

Marian Banks na William Banks walilishughulikia swali la kwanza katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002. Waliwachukua wazee 45 kutoka nyumba 3, wakawagawa kwa kura katika makundi 3. Kundi moja halikutembelewa na mbwa. La pili lilitembelewa mara moja kwa wiki, la tatu mara 3, kila ziara ikiwa ya nusu saa, kwa wiki 6. Kabla na baada ya hapo, kila mzee alijibu maswali ya kipimo cha upweke kilichobuniwa katika chuo kikuu cha UCLA, ambacho humuuliza mtu ni mara ngapi hujiona ametengwa au hana wa kumwelekea.

Waliotembelewa walionekana kupungukiwa na upweke kuliko wenzao. Jambo lenye manufaa zaidi kwa mwenye kupanga ratiba ni kwamba makundi mawili yaliyotembelewa hayakutofautiana: ziara moja kwa wiki ilifanya kazi sawa na ziara 3. Kwa nyumba inayotegemea watu wa kujitolea, huo ni unafuu mkubwa.

Hata hivyo, waliopimwa walikuwa wazee waliokubali wenyewe kutembelewa, na wengi wao walikuwa wamewahi kuishi na wanyama na kuwapenda. Matokeo hayo hayawezi kubandikwa kwa kila mzee. Yuko aliyewahi kuumwa na mbwa utotoni akabaki na hofu mpaka leo. Yuko Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, kama walivyo wengi katika pwani yetu, ambaye mate ya mbwa kwake ni najisi. Kumpelekea mzee kama huyo mbwa kitandani bila kumuuliza ni kumkosea heshima, hata kama nia ni njema.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi, na hapa ndipo ustadi wa watafiti hawa unapoonekana. Kama kazi ya mbwa ni kuwapa wazee mada ya mazungumzo tu, basi ziara ya pamoja, wazee kadhaa na mbwa mmoja, ingepaswa kuleta nafuu kubwa kuliko ziara ya mzee peke yake. Mwaka 2005 walichapisha jaribio lililolinganisha njia hizo mbili. Ziara ya mzee mmoja na mbwa ndiyo iliyopunguza upweke zaidi. Waliokaa kwenye kundi walikuwa na watu wengi wa kuzungumza nao, na bado hawakupata nafuu ile.

Mwaka 2008 ukaja utafiti uliowashangaza wengi. William Banks, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Saint Louis, alimlinganisha mbwa hai aitwaye Sparky na Aibo, mbwa roboti wa kampuni ya Sony, kwa wazee 38. Wote wawili walipunguza upweke, na tofauti baina yao haikuonekana. Wapo waliolichukua hilo kama ruhusa ya kuwaacha mbwa na kununua mashine. Wameharakisha. Kwa watu 38 waliogawanywa makundi 3, tofauti ndogo inaweza kuwepo na isionekane. Tena roboti naye aliletwa na mtu. Hakutupwa chumbani akaachwa.

Nyuma ya nusu saa hiyo kuna kazi nyingi. Shirika la Pet Partners la Marekani hutaka mbwa awe na umri usiopungua mwaka 1, halafu humjaribu pamoja na mwenye kumwongoza: atavumilia kushikwashikwa ovyo, kukumbatiwa kwa nguvu, kusikia watu wakigombana kwa sauti? Anayelishwa nyama mbichi hakubaliwi, kwa sababu anaweza kubeba vijidudu kama salmonela hadi kwa watu ambao miili yao haina tena kinga ya kutosha. Huogeshwa kabla ya ziara, na hafanyi kazi zaidi ya saa 2 kwa siku. Mwongozaji lazima ajue kumsoma: mbwa anayepiga miayo, kulamba midomo na kugeuza uso amechoka, na ziara hukatizwa hapo hapo.

Kwa hiyo msimamizi wa makao ya wazee anayetaka kuanza asikimbilie kutafuta mbwa. Aanze kwa kupita chumba kwa chumba akiuliza nani anamtaka na nani hamtaki, kisha awapangie wanaomtaka nusu saa kwa wiki, kila mmoja peke yake.